Kisiagi cha Unga wa Uji wa Watoto Sokoni Kibuye: Nilichonunua na Nilichoacha

Kwa muda wa miezi mitatu sasa nimekuwa nikinunua unga wa uji wa binti yangu katika kisiagi kimoja kidogo kilichoko ndani ya soko la Kibuye hapa Kisumu, nyuma ya safu ya wauza njugu na maharagwe. Kibanda chenyewe hakina jina. Kina ubao wa mabati uliopakwa rangi ya buluu na kuandikwa kwa herufi nyeupe, "Unga wa Uji wa Watoto, Kuanzia Miezi Minne", na chini ya maneno hayo pana orodha ndefu ya nafaka. Naandika tathmini hii kwa sababu akina mama wengi wa Migosi, Manyatta na Kondele hununua hapo, na kwa sababu unga unaouzwa kwa wingi katika kibanda hicho ndio ambao nisingemshauri mama yeyote aununue, ilhali huduma yao iliyo bora kuliko zote haijaandikwa popote kwenye ubao huo.

Huduma zao ni nne. Wanauza unga wa mchanganyiko ambao huwa tayari umefungwa katika mifuko ya khaki, shilingi 220 kwa kilo. Wanauza unga wa wimbi mtupu. Wanauza kimea cha wimbi, yaani unga wa wimbi lililoachwa lichipue, katika mifuko midogo ya robo kilo. Hatimaye, wanasaga nafaka yoyote utakayowapelekea, shilingi 20 kwa gorogoro moja, yaani kopo la kupimia nafaka sokoni, na hii ndiyo huduma ambayo haijaandikwa ubaoni.

Nilianza na mchanganyiko, kama wanavyoanza wengi. Binti yangu alikuwa ametimiza miezi sita, muda ambao Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee bila hata maji, na muuguzi wa kliniki alikuwa ameniambia nianze kumpa vyakula vingine huku nikiendelea kumnyonyesha mpaka afike miaka miwili au zaidi. Nilipofika kibandani, mwenye kisiagi alinyanyua mfuko mmoja, akaupiga kofi ili unga utulie, akaniambia, "Mama, ukimpa huu, mtoto hahitaji kitu kingine." Niliyaamini maneno hayo. Leo nadhani ndiyo yenye madhara zaidi ya yote yanayosemwa kibandani hapo, kuliko hata maandishi ya ubaoni, na nitaeleza kwa nini.

Unga huo una vitu 12: mahindi, wimbi, mtama, mchele, ngano, mihogo mikavu, soya, njugu, maharagwe, mbegu za maboga, mbegu za mchicha na omena, yaani dagaa. Mzazi akiisoma orodha hiyo huona chakula kamili ndani ya kikombe kimoja, na moyo wake hutulia. Tatizo ni kwamba vitu hivyo havipikiki kwa namna moja wala kwa muda mmoja, na havidumu kwa muda mmoja. Soya mbichi ina kemikali inayozuia tumbo kumeng'enya protini, na kemikali hiyo hupungua nguvu kwa moto, ndiyo maana soya hukaangwa au huchemshwa kabla ya kusagwa. Maharagwe mabichi nayo yana sumu inayohitaji kuchemshwa sawasawa. Niliambiwa kwamba soya yao imekaangwa, lakini gunia nililoliona limefunguliwa kando ya mashine lilikuwa la soya ya rangi ya manjano hafifu, isiyo na harufu ya moto hata kidogo. Mama anayekoroga uji wa haraka asubuhi kabla ya kukimbilia kazini hawezi kujua kama dakika alizoupikia zimetosha maharagwe yaliyosagwa humo.

Omena na njugu zilinisumbua kwa njia nyingine. Vyote viwili vina mafuta, na mafuta yakisagwa yakachanganyika na hewa katika joto la Kisumu huharibika upesi. Wiki ya kwanza unga ulinukia vizuri. Wiki ya tatu niliufungua mfuko nikakutana na harufu kali, kama ya rangi ya mafuta iliyokaa kwenye kopo. Nilipika hata hivyo, nikidhani ni harufu ya kawaida ya omena. Binti yangu alionja kijiko kimoja, akafumba midomo, akageuza uso ukutani, na kila nilipokisogeza kijiko alikisukuma kwa mkono. Nilisikitika sana siku hiyo, kwa sababu nilikuwa nimemlaumu mtoto kwa ukaidi, kumbe yeye ndiye aliyeonja vizuri kuliko mimi. Mfuko haukuwa na tarehe ya kusagwa. Hakuna mfuko wao hata mmoja ulio na tarehe, na hili ni kosa ambalo lingeondolewa kwa kalamu ya shilingi 20.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Mtoto anapoanza kula, ni vyema apewe kitu kipya kimoja kimoja, akae nacho siku mbili tatu, ili akitokwa na vipele, akitapika au akiharisha, mzazi ajue kilichomdhuru. Ukimwanzishia vitu 12 kwa mpigo, na mojawapo ni njugu, kingine soya, kingine ngano na kingine samaki, vyote vikiwa miongoni mwa vyakula vinavyojulikana kuwaletea baadhi ya watoto mzio, utatafuta chanzo bila kukipata. Binti ya jirani yangu alivimba midomo baada ya uji wa mchanganyiko ulionunuliwa kwingine, na mpaka leo mama yake anaogopa kumpa samaki, njugu na hata ngano, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia ni kipi.

Hata hivyo, sababu iliyonifanya niuache unga huo kabisa ni sumukuvu, ambayo wengine huiita aflatoksini. Hii ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi, njugu na nafaka nyingine ambazo hazikukauka vizuri. Wakenya wenye umri wangu wanaukumbuka mwaka wa 2004, ambapo mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake. Kupika hakuiondoi. Kinachomsaidia mama jikoni ni macho na vidole vyake: kuimwaga nafaka kwenye ungo, kutoa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu au zenye ukungu, na kuitupa njugu iliyokunjamana au iliyo chungu. Unga uliokwisha kusagwa haumpi mtu nafasi hiyo. Punje nzuri na mbaya zimekwisha kuwa kitu kimoja chenye rangi moja. Sisemi kwamba unga wa kibanda hiki una sumu, kwa kuwa sikuupima na sina pa kuupimia. Nasema kwamba nilikuwa namlisha mtoto wa miezi saba kitu ambacho sikukiona kikiwa nafaka, na kwamba katika kibanda hichohicho, kwa shilingi 20, ningeweza kukiona.

Basi nikabadilisha. Tangu hapo nanunua gorogoro moja ya wimbi kwa wauzaji walio mbele ya kisiagi. Nanunua siku ya Jumamosi na si Jumapili, kwa kuwa Jumapili Kibuye hufurika watu na hakuna muuzaji atakayekuvumilia ukichagua. Nyumbani naipepeta, naiosha kwa maji mengi mpaka mchanga uishe, kisha naianika juani kwa siku nzima. Wimbi ni punje ndogo sana na mchanga wake ni mdogo vilevile, kwa hiyo asiyeiosha humlisha mtoto changarawe. Mara ya kwanza nilipoiosha nilikuta chini ya karai tabaka la udongo mwekundu lenye unene wa kucha. Ikishakauka ndipo naipeleka kisiagini.

Hapa ndipo ninapowapa sifa wanazostahili. Kijana anayeendesha mashine aliniuliza mara ya kwanza kama unga ni wa mtoto. Nilipomwambia ndiyo, alizima mashine, akafungua kifuniko, akafagia mahindi yaliyobaki ndani kwa brashi, akabadilisha chekeche akaweka lenye matundu madogo zaidi, kisha akachukua konzi moja ya wimbi langu akaisaga na kuimwaga pembeni. "Hiyo imeosha mashine, Mama," aliniambia, "sasa huu ndio wako." Amefanya hivyo kila mara nilipokwenda Jumamosi asubuhi, ingawa mara moja nilipokwenda Jumapili hakuweza, kwa kuwa foleni ilikuwa imefika mpaka kwa wauza ndizi, na siku hiyo unga wangu ulitoka na vipande vyeupe vya mahindi. Unga hutoka ukiwa wa moto. Nashauri usifungwe hapohapo, kwa sababu ukifungwa ungali moto hutoa jasho ndani ya mfuko na unyevu huo ndio mwanzo wa ukungu. Mimi huutandaza kwenye sinia nyumbani mpaka upoe, kisha nautia katika kopo lenye mfuniko unaobana, na sisagi kiasi cha kuzidi wiki tatu.

Wimbi peke yake lina thamani kubwa. Lina madini ya kalsiamu zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100, kiasi ambacho mahindi hayakikaribii. Lakini lina upungufu wake, na hapo ndipo maneno ya "hahitaji kitu kingine" yanapoanguka. Uji wowote wa nafaka hauna madini ya chuma ya kutosha ambayo mwili wa mtoto unaweza kuyafyonza kwa urahisi, na mtoto anapofikisha miezi sita akiba ya chuma aliyozaliwa nayo huwa inaelekea kuisha. Chuma hicho atakipata katika omena, maini, nyama iliyosagwa, kuku na kwa kiasi fulani katika maharagwe na mboga za majani. Kwa hiyo omena siitii tena kwenye unga. Naikata vichwa, naiosha kwa maji ya uvuguvugu mara nne au tano, naikaanga kavu, naichemsha mpaka ilainike, naiponda, kisha naichanganya na viazi vitamu vile vya rangi ya chungwa au na mrenda. Binti yangu huila omena hiyo kwa furaha ambayo hakuwahi kuionyesha ilipokuwa ndani ya uji. Njugu nazo nazichagua, nazikaanga, nazisaga kidogo kidogo kila baada ya siku tatu, na kijiko kimoja kikaingia kwenye uji unapokaribia kuiva. Njugu nzima sitampa kabla hajafika miaka mitano, kwa kuwa zinaweza kumkaba.

Sasa nije kwenye kimea, ambacho ndicho bidhaa yao bora kati ya zile zinazouzwa zikiwa tayari, na ambacho akina mama wengi hukipita bila kujua kazi yake. Tumbo la mtoto ni dogo. Hukadiriwa kwamba hubeba takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 7 anajazwa na chakula kisichofika hata kikombe kimoja cha chai. Ukimpa uji mwepesi, amejaa maji. Ukiupika mzito, hawezi kuumeza. Kimea hutatua mgogoro huo. Wimbi likilowekwa na kuachwa lichipue, hutengeneza kimeng'enya kinachovunja wanga. Mimi hupika uji mzito ambao ukiugeuza mwiko hauanguki, nauepua, nauacha upoe mpaka niweze kuchovya kidole nikakivumilia, kisha natia kijiko kidogo kimoja cha unga wa kimea na kukoroga. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Kwa dakika chache uji uliokuwa umesimama kama ugali ulianza kulegea, ukang'aa, ukateremka kwenye mwiko kama asali, bila mimi kuongeza tone la maji. Baada ya hapo naurudisha motoni uchemke kidogo, kwa sababu kimea kibichi kinaweza kuwa na vijidudu. Mtu akikitia kimea wakati uji unatokota, hakitafanya kazi, kwa kuwa moto mkali hukiua kimeng'enya hicho kabla hakijaanza.

Nilimweleza mama mkwe wangu, anayeishi Nyakach, kuhusu kimea nikidhani namletea habari mpya. Alicheka, akasema, "Mwanangu, sisi tuliwalea waume zenu kwa hicho." Kisha akanionya jambo ambalo nimethibitisha kuwa kweli: kimea cha uji wa mtoto kitoke kwenye wimbi, kisitoke kwenye mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama huwa na kemikali inayotoa sianidi. Kibandani huuza cha wimbi, nami niliwauliza mara mbili ili nihakikishe. Kimea chao ni cha rangi ya kahawia hafifu na kina harufu tamu. Mfuko mmoja tu kati ya sita nilionunua ulikuwa na madoadoa ya kijivu, na waliponiona nikiukagua waliuchukua bila ubishi wakanipa mwingine. Tarehe, hata hapo, haikuwepo.

Ushauri wanaoutoa bila kuulizwa ndio ninaowaomba wauache. Nimewasikia wakimwambia mama kijana akate tundu la chuchu ya chupa liwe kubwa ili uji upite. Uji wa mtoto si wa kunyonywa. Unaopita kwenye chuchu ni mwepesi mno kumshibisha, chupa yenyewe ni ngumu kuisafisha, na mtoto hanufaiki na zoezi la kutafuna wala kutumia ulimi. Kikombe na kijiko vinatosha. Nimewasikia pia wakishauri sukari vijiko viwili, na asali "kwa ajili ya kifua". Asali haifai kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha ugonjwa wa botulismu, unaolegeza misuli ya mtoto mpaka ya kupumua. Sukari na chumvi hazihitajiki. Ndizi mbivu iliyopondwa inautamisha uji vya kutosha.

Na ubao. Miezi minne si sita. Mtoto wa miezi minne anayepewa uji hunyonya kidogo, na maziwa ya mama hupungua yasiponyonywa, huku uji na maji yake vikimletea kuhara ambako maziwa hayo yangemkinga. Katika mji ambao kila msimu wa mvua tunaonywa kuhusu kipindupindu, mwezi mmoja tu wa haraka unaweza kumlaza mtoto hospitalini. Mama anayesoma ubao ule huenda hajapata mtu mwingine wa kumwambia, kwa kuwa maandishi makubwa ya sokoni huaminika kuliko tunavyodhani.

Kuhusu usafi wa kibanda sina mengi: sakafu ni ya saruji, mashine imeinuliwa, magunia yamewekwa juu ya mbao. Bei ni za haki. Kilo moja ya unga wa wimbi ninaoutengeneza, nikihesabu ununuzi, usagaji na nauli ya tuktuk, hunigharimu chini kidogo ya kilo ya mchanganyiko, na kazi ya kuosha na kuanika ni yangu. Kwa mama asiye na uwanja wa kuanikia, unga wao wa wimbi mtupu ndio wa kununua, mradi usagwe mbele yake, jambo ambalo wamekubali kila nilipoomba. Auchemshe vizuri kwa maji safi, aanze na vijiko viwili vitatu kwa mlo, milo miwili au mitatu kwa siku katika miezi ya sita hadi ya nane, kisha mitatu au minne baadaye, na maziwa ya mama yaendelee kutangulia.

Binti yangu ana miezi tisa sasa. Mstari wa uzito kwenye kijitabu chake cha kliniki, uliokuwa umelala kwa wiki kadhaa, umeanza kupanda tena, ingawa sitausifu uji peke yake, kwa sababu mwezi huo huo alipona homa iliyomsumbua kwa muda na akaanza kula omena. Jumamosi iliyopita nilimwomba mwenye kisiagi, kwa adabu, abadilishe neno moja tu ubaoni, nikajitolea kulipia rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama kweli maji nayo hayafai kabla ya miezi sita, nikamwambia ndivyo kliniki inavyosema. Alisema atamuuliza binti yake, ambaye ana mimba. Nilipoondoka, ubao ulikuwa bado unasema minne.